Somo la Wiki: Uza mbolea mkulima akiwa na fedha

Muuzaji wa pembejeo Gwarama anamjua mteja huyu: anaahidi kununua mbolea akishauza maharage, lakini mvua za Oktoba humkuta mikono mitupu. Si mwongo, fedha imemponyoka kidogo kidogo.

Huko Busia, Kenya, wachumi Duflo, Kremer na Robinson waliwapa wakulima nafasi ya kulipia mbolea mara baada ya mavuno, bei ileile ya dukani, na kupelekewa bure siku waliyochagua. Matokeo, yaliyochapishwa 2011, yalikaribiana na punguzo la nusu bei lililotolewa baadaye msimuni.

Basi pokea malipo siku za gulio, toa stakabadhi. Ila mzigo ukichelewa mara moja tu, mwakani hakuna atakayetanguliza fedha yake.