Ganzi ya Ubavu kwa Ng'ombe, Ngamia na Mbuzi

Mfugaji wa Misima ambaye ng'ombe wake ameshindwa kuzaa aweza kuomba mnyama alazwe usingizi kabla ya kupasuliwa. Ombi hilo ni la huruma, lakini ng'ombe aliyelala huvimba tumbo kwa gesi, na cheuo huweza kuingia mapafuni. Ndiyo maana daktari wa mifugo hupendelea kumpasua mnyama akiwa wima, ubavu wa kushoto, ambako tumbo kuu huzuia utumbo usitoke nje.

Lidokaini huchomwa kando ya uti wa mgongo, zinapotokea neva za ubavu: ya pingili ya 13 ya kifua na za pingili mbili za kwanza za kiuno. Ikifika nyuma zaidi, mguu hulegea na mnyama aweza kuanguka jeraha likiwa wazi. Ngamia, tegemeo la wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, ana pingili 12 za kifua na 7 za kiuno. Ng'ombe ana 13 na 6. Anayehesabu kwa mazoea ya ng'ombe hukosea mahali.

Kwa mbuzi hatari imo katika kipimo. Mwenye kilo 10 asizidishiwe miligramu 50, yaani mililita 2.5 za dawa ya asilimia 2. Bomba zima la mililita 10 laweza kumtia degedege na kumwua.