SOMO: SURA YA INCHI MBELE YA MATAIFA



Watu wa ngambo hawawezi kufika kwetu wote. Wanatujua kwa gazeti, radio, televizio na filme. Ndiyo maana serikali nyingi zinatoa feza kusudi inchi yao isemwe vizuri. Tuangalie mufano mumoja wa hapa kwetu.

1. Kusudi. Tangu 27 Oktoba 1971 inchi yetu iliitwa Zaïre. Rais Mobutu alitaka jina lile lijulikane pote. Basi mwaka wa 1974 serikali yake ilikubali kulipia pigano la ngumi la Waamerika wawili, Muhammad Ali na George Foreman. Kila mumoja aliahidiwa dola milioni 5. Kulikuwa pia siku tatu za muziki, 22 mpaka 24 Septemba. James Brown na Miriam Makeba waliimba Kinshasa.

2. Namna. Pigano lilipangwa tarehe 25 Septemba, lakini Foreman akaumia juu ya jicho, wakalisogeza mpaka 30 Oktoba. Walianza karibu saa kumi ya usiku. Juu ya nini saa ile? Kwa sababu kule New York ilikuwa saa ine ya usiku, watu wangali macho, na walikuwa wanalipa ili waangalie. Saa yenyewe ilichaguliwa kwa ajili ya macho ya ngambo. Ali akamwangusha Foreman katika raundi ya 8.

3. Matokeo. Jina la Kinshasa lilifika mbali, hata leo linatajwa. Lakini Juni ya mwaka ule ule, timu yetu Léopards ilipigwa 9–0 na Yugoslavia katika Kombe la Dunia. Televizio ilionyesha na ile pia! Tena bei ya shaba ilianguka, na mwaka wa 1976 Zaïre ikaomba wadai wake waiongezee muda. Sifa haikulipa deni.

Mupate neno lingine. Picha za pigano zilibaki mikononi mwa wageni. Filme yao, When We Were Kings, ilitoka mwaka wa 1996, ikapata Oscar mwaka wa 1997, mwaka ule ule jina la Zaïre liliondolewa. Sisi tulilipa karamu. Wengine waliandika habari yake.

Maulizo:
a) Nani alichagua saa ya pigano, na kwa faida ya nani?
b) Mugeni akiuliza leo habari za inchi yetu, anazipata kwa nani?
c) Wewe mwenyewe ungemwonyesha nini cha kwanza, chenye kuwa kweli?