Forodhani Pasipo Forodha: Kuuzuru Mji Mkongwe wa Unguja kwa Jicho la Mwanafunzi wa Kiswahili

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amefundishwa kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyoteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kwa sababu hiyo, safari ya Unguja imekuwa kama hija kwa wanafunzi wengi. Aghalabu, hata hivyo, wanaofika huko hupiga picha, hula urojo na kurejea bara bila kuyauliza majina ya mahali maswali yoyote. Makala haya yanashikilia kwamba majina hayo ni matini, na kwamba asiyeyasoma huenda akaipotosha hata riwaya aliyoisomea darasani.

Tuanze na Bustani ya Forodhani, iliyo mbele ya Ngome Kongwe, ukingoni mwa bahari. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka bandarini. Leo hapana forodha hapo. Bustani yenyewe ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikapewa jina rasmi la Jubilei. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina hilo la kifalme liliondoka. Lililosalia ni lile la kazi: la makuli, mabaharia na watoza ushuru. Bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na jina likabaki lilelile.

Ikumbukwe pia kwamba kiambishi -ni hapa kinafanya kazi ya kisarufi. Msemaji husema "bustani imejaa watu", lakini husema "Forodhani kumejaa watu", au "pamejaa" akikusudia mahali mahususi. Mfano huu una uhai kuliko ile "nyumbani" na "mezani" inayochosha vitabuni. Hali kadhalika, barabara inayofuata ufuo huitwa Mizingani. Mwanafunzi aliyelelewa kwa wafuga nyuki huenda akadhani palikuwa na mizinga ya asali. La hasha, ni mizinga ya vita iliyoelekezwa baharini.

Jioni ndiyo saa ya kuisikiliza bustani hii. Wauzaji huwasha taa na kupanga mishikaki, pweza na mihogo. Miwa hukamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Maji yajaapo, vijana hutimua mbio juu ya ukuta na kujitupa baharini kwa mitindo ya kustaajabisha, wengine wakipinduka hewani. Mchezo huo huitwa makachu. Hapana haja ya daftari wakati huo; atosheke kwanza kusikia jinsi watazamaji wanavyowashangilia na kuwatania wapigaji, kisha ajiulize ni maneno mangapi kati ya hayo aliyowahi kuyakuta katika mtihani.

Jambo zito zaidi liko upande wa pili wa mji. Anayetoka Forodhani na kuvuka vichochoro hadi mashariki hufika Darajani, penye soko. Daraja halionekani. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na makazi ya upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Mkono huo ulifukiwa hatua kwa hatua, maji yakatoweka, lakini ng'ambo yake ikaendelea kuitwa Ng'ambo.

Hapo ndipo msomaji wa riwaya ya Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi anapopaswa kusimama. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaondoka kwa mumewe Raza na hatimaye anaishi kwa Mwajuma huko Ng'ambo. Msomaji wa bara huweza kulipita jina hilo kana kwamba ni mtaa wowote tu. Kumbe kuvuka kwenda Ng'ambo kulikuwa kuvuka mpaka wa tabaka na wa rangi: nyuma majumba ya mawe ya matajiri, mbele nyumba za udongo za wavuja jasho. Mwandishi hahitaji kueleza uasi wa Yasmin kwa hotuba ndefu. Ramani imekwisha kusema. Wahakiki wetu wanaoshughulikia maudhui ya ukombozi wa mwanamke katika riwaya hii wameitumia ramani hiyo kwa uchache mno.

Hata viwanja vya kupumzikia havikuwa vya wote. Bustani ya Victoria, huko Vuga, ilitumiwa na wanawake wa jumba la Sultani Barghash kabla ya Sultani Hamoud kuutolea umma wakati wa jubilei ya Malkia Victoria mwaka 1897. Kiwanja cha Mnazi Mmoja nacho, kilicho kati ya mji na Ng'ambo, kilitumiwa na Wazungu kwa gofu na kriketi. Leo jioni vijana hucheza kandanda hapo, na mgeni anayepita kwa miguu kutoka Vuga kwenda Ng'ambo hukikata kwa dakika chache, bila kuulizwa anakwenda wapi.