Meseji Fupi, Kichwa Kinachobana: Unachoruka Unapopokea Pesa

Leo tunaanzia Port Victoria, kwenye ufuo ambapo omena huanikwa na kugeuzwa jua linapopanda. Omena mbichi kwa sehemu kubwa ni maji. Ukimkausha, gunia moja linabeba samaki wengi zaidi, anakaa muda mrefu bila kuoza, na anasafiri hadi Kisumu, Nairobi au ng'ambo ya mpaka kule Uganda, wanakomwita mukene. Kilichotoka ni maji, na hayo mpishi atayarudisha mwenyewe kwenye sufuria. Lakini ninyi mnaouza mnajua upande wa pili: mvua ikimnyeshea kabla hajakauka, kinachopotea si maji tena, ni mtaji.

Kubana taarifa ni kazi ya namna hiyo hiyo. Unatoa kile ambacho mpokeaji anaweza kujirudishia, unabakisha kile asichoweza kukikisia. Simu yako hufanya hivyo kila siku. Kichwa chako nacho hufanya hivyo. Na tapeli, kwa bahati mbaya, anajua kichwa chako huruka nini.

Herufi 160

Meseji ya kawaida inabeba baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi moja ya kawaida inachukua biti 7, kwa hiyo zinaingia herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukiweka emoji moja tu, simu inalazimika kutumia biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ndiyo maana meseji zetu za muamala hazina vikatuni vya kucheka. Si kwamba hatuna furaha.

Ndani ya nafasi hiyo ndogo tunapaswa kukuambia ni nani, kiasi gani, lini, na umebaki na ngapi. Ile namba ya muamala ndiyo iliyobanwa kuliko vyote. Mahali kumi tu, kila mahali pakiwa na herufi moja kati ya 26 au tarakimu moja kati ya 10, panatosha kutofautisha miamala zaidi ya trilioni 3,600. Inaonekana kama takataka machoni, lakini ukitupigia na shida, hiyo ndiyo tunayoiuliza kwanza.

Watu wa huku, hata hivyo, hawakungoja wahandisi wawafundishe kubana. Kuna flash: simu inaita mara moja, inakatwa. Hakuna neno lililosemwa, hakuna senti iliyotumika, na bado mke wa mvuvi anajua boti imefika, kwa sababu walikubaliana asubuhi. Maana yote imo kwenye makubaliano, si kwenye simu. "Tuma na ya kutoa" ni vivyo hivyo: maneno manne yanayomwambia mtumaji aongeze ada ya wakala ili mpokeaji asipungukiwe. Mgeni hataelewa kitu. Na vijana wakiandika "cjui" na "2ko" wameokoa herufi kweli, ingawa "xaxa" ina urefu ule ule wa "sasa", kwa hiyo hiyo tunaihesabu kama mtindo tu.

Kichwa nacho kinakisia

Mmarekani Claude Shannon, aliyeweka msingi wa hesabu ya taarifa mwaka 1948, aliwapa watu maandishi ya Kiingereza na kuwaambia wakisie herufi inayofuata. Walipatia mara nyingi sana. Katika makala yake ya 1951 alikadiria kwamba kila herufi huongeza taarifa ya karibu biti moja tu. Sehemu kubwa ya yale tunayosoma tulikwisha kuyajua kabla jicho halijafika. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili hushika kama vitu saba hivi kwa wakati mmoja, na hujisaidia kwa kuviunga katika mafungu. Wewe mwenyewe jisikilize ukitaja namba yako ya simu: tarakimu kumi, lakini unazitamka kwa mafungu matatu.

Uvivu huu mzuri una bei yake. Chukua PIN. Mrusi Andrey Kolmogorov alipendekeza mwaka 1965 kwamba ugumu wa kitu upimwe kwa urefu wa maelezo mafupi kabisa yanayotosha kukitengeneza upya. 1234 inaelezwa hivi: hesabu kuanzia moja. Mwaka wa kuzaliwa: angalia kitambulisho. PIN za tarakimu nne zinaweza kuwa 10,000, lakini miaka ya kuzaliwa kuanzia 1950 hadi 2009 ni 60 tu. Ukiweka mwaka wako, umemwondolea mwizi kazi ya 9,940. Kinachokukumbukika upesi kwa sababu kina mpangilio, mwizi naye ataufikiria mpangilio huo huo. Afadhali tarakimu nne zisizo na hadithi yoyote, uzirudie mpaka vidole vizoee.

Kile kinachoonekana cha ziada

Kuna kitu hatukubani hata nafasi ikiwa finyu: salio. Kwa hesabu tupu halihitajiki. Kama ulikuwa na shilingi 2,340 na umepokea 3,500, unaweza kujumlisha mwenyewe. Tunaliandika kwa makusudi, kwa sababu ziada ndiyo inayokamata kosa. Kiswahili chenyewe kinafanya hivyo. Sema "magunia yangu mawili makubwa yamefika": wingi umetajwa katika kila neno. Hata mtandao ukikatika katikati, aliye upande wa pili bado anajua si gunia moja.

Sasa fikiria mama anayeuza omena siku ya soko. Mkono mmoja una gorogoro, mwingine simu, na wateja watatu wanangoja. Inaingia meseji: "Umepokea Ksh 3,500 kutoka kwa…" Kichwa kinakamilisha kilichobaki, kama wale watu wa Shannon. Dakika moja baadaye simu inalia: "Mama, samahani, nimekosea namba, hizo ni karo za mtoto, nirudishie tafadhali." Sauti ina haraka, pengine inalia. Anarudisha. Pesa zilizotoka ni zake, maana hakuna zilizokuwa zimeingia.

Tapeli alihitaji kuiga umbo la meseji tu. Hakuhitaji yale ambayo jicho huyaruka, na ndiyo hayo tunayokuomba uyasome. Tazama juu: imetoka kwa jina letu, au kwa namba ya kawaida ya simu? Tapeli kwa kawaida hutumia laini yake. Kisha tazama salio. Yeye hajui ulikuwa na 2,340, kwa hiyo ama ataliacha, ama atabuni. Meseji ikisema una 6,120 badala ya 5,840, tofauti hiyo ya 280 inatosha kukuamsha.

Hata hesabu ikikubaliana, usitegemee meseji peke yake. Fungua menyu uangalie salio mwenyewe, kwa sababu hilo linatoka kwenye akaunti yako, si kwa mtu. Inachukua sekunde chache, na mteja anayetaka omena wake atasubiri. Ukimtuma mtoto au kijana wa dukani akusomee, mwambie akusomee yote, si "pesa imeingia" tu. Hiyo nayo ni meseji iliyobanwa, na umeipokea bila salio.

Je, kama kweli mtu alikosea namba na pesa zipo? Hutokea, tena kwa watu waaminifu. Usimtumie kwa mkono wako. Mwambie kwa upole apige simu huduma kwa wateja na kutaja namba ya muamala, zile herufi kumi. Nasi tutakupigia, lakini hatutakuuliza PIN, na tutarudisha kile kile kilichotumwa kwa yule yule aliyetuma. Ukiwa umeshazitumia kabla ya kujua, usizime simu. Tuambie, tutazungumza na pande zote mbili.