MOTOKAA INAPOCHEMKA MLIMANI

Katika barabara itokayo Nairobi kwenda Nakuru na Eldoret, mara nyingi msafiri huona motokaa imesimama kando, boneti limeinuliwa, mvuke unafuka, na dereva ameshika kitambaa tayari kufungua kifuniko cha rejeta. Dakika hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote. Wapo waliobabuka uso na mikono kwa haraka ya namna hiyo, na zipo injini zilizopasuka kwa kutiwa maji baridi zingali moto. Lakini mwenye kufahamu sababu za mambo haya aweza kujisaidia mwenyewe, hata akiwa mbali na gereji.

Joto hutoka wapi?

Petroli iwakapo ndani ya injini, nguvu yake yote haiendi magurudumuni. Kwa kukisia, theluthi moja tu ndiyo isukumayo gari. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi. Na iliyobaki huwa joto ambalo sharti liondolewe, ama sivyo vyuma vitakwama. Kazi hiyo hufanywa na maji. Pampu huyapitisha ndani ya injini, kisha huyapeleka katika rejeta, yenye mirija mingi myembamba ipigwayo na upepo. Hapo maji hupoa, nayo hurudi injini kuchukua joto jingine.

Kwa nini mlimani?

Sababu ni mbili. Ya kwanza, gari lipandapo na mzigo hufanya kazi nyingi huku likienda polepole, hivyo joto huzidi na upepo hupungua. Ya pili, juu ya milima hewa ni nyepesi, na maji huchemka upesi zaidi. Mombasa, penye usawa wa bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, kama mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 94 hivi. Na Timboroa, kama mita 2,700, kwa digrii 91 hivi. Sasa, maji ya injini nzima isiyo na kasoro huwa na joto la digrii 90 hivi. Ni dhahiri kwamba kama yangeachwa wazi, huko Timboroa yangekuwa karibu kuchemka kila siku.

Dawa ya jambo hili ni kile kifuniko. Ndani yake mna springi na mpira, navyo huyabana maji yasichemke mpaka yapite digrii 110. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Ni sehemu ya mashine kamili kama pampu yenyewe.

Mathalani, mtu achukuaye viazi kwa pikapu kutoka Molo kwenda Nairobi huona kwamba gari lake huenda vizuri bondeni, lakini hutokota kila lipandapo kutoka Naivasha. Hununua pampu mpya, shida haiishi. Huosha rejeta, shida haiishi. Viazi huchelewa sokoni na fedha huisha. Mwisho hutazama mpira wa kifuniko na kuona umepasuka. Kitu kidogo chenye bei ndogo ndicho kilichomla faida yake yote.

La kufanya

1. Gari liwekwe kando ya barabara mahali salama, na injini izimwe.

2. Kifuniko kisiguswe. Maji yaliyobanwa, yakifunguliwa ghafula, hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Yapasa kungoja nusu saa au zaidi, mpaka bomba la mpira la juu liweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza.

3. Wakati wa kungoja, macho yafanye kazi. Je, mkanda wa feni umekatika au umelegea? Je, bomba limetoboka? Je, chini ya gari pana maji? Mikono isikaribie feni, kwa maana feni ya umeme yaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

4. Injini ikiisha kupoa, kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kinene, kizungushwe kidogo tu, na pumzi iachwe itoke yote kabla ya kukiondoa. Katika motokaa nyingi za siku hizi kifuniko hicho kiko juu ya chupa ya plastiki. Hatari yake ni ile ile.

5. Maji safi yatiwe kidogo kidogo. Ya mtoni yenye matope yatiwe kwa dharura tu, maana huziba mirija. Na baadaye yamwagwe, rejeta ioshwe, na dawa yake itiwe.

Pale pa kumwachia fundi

Kujitengenezea si kujua kila kitu. Ikiwa moshi mweupe mzito hauishi kutoka nyuma hata injini ikiwa moto, au mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, basi maji yameingia mahali yasipotakiwa, na huenda gasketi ya silinda imeungua. Kuendesha gari hilo, hata maili chache, ni kuiua injini. Afadhali likokotwe.

Aendeshaye barabara za milimani na atazame maji, mkanda na mpira wa kifuniko kila asubuhi, injini ingali baridi. Kazi hiyo haimalizi dakika tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mambo ya motokaa, ukuta huo huitwa injini mpya.