Homoni za kike: anzia maabara, si duka la dawa

Katika maduka mengi ya dawa mijini, mtu akiomba tembe za kupanga uzazi huuziwa papo hapo, na pengine haulizwi ni za nani. Muuzaji hudhani ni za mke au za dada. Wapo, hata hivyo, wanaume kwa sura wanaozinunua na kuzimeza wao wenyewe, tatu au nne kwa siku, wakitaraji miili yao iwe ya kike. Makala haya yanawahusu hao, pamoja na wazazi na ndugu zao, kwa sababu tembe hizo zikimezwa hivyo zaweza kumuua kijana ambaye hana ugonjwa wowote.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Mwanamke transjenda ni mtu aliyezaliwa na mwili wa kiume, akaandikwa mvulana, lakini anajijua kuwa mwanamke. Yeye si huntha. Huntha huzaliwa na maumbile ambayo hayaangukii wazi upande mmoja, na sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu 1,524. Wala kuwa transjenda si wazimu. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili katika fungu la maradhi ya akili kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Huenda wewe, msomaji, una maoni yako kuhusu watu hawa. Mimi anayeketi mbele yangu humpima presha kwanza.

Turudi kwenye tembe. Homoni ya kike inayotengenezwa na mwili wenyewe huitwa estradioli. Iliyomo katika tembe nyingi za kupanga uzazi si hiyo, bali ni ndugu yake wa maabara aitwaye ethinili estradioli. Ini huchukua muda mrefu kuivunja, na muda wote huo homoni hiyo hulichochea ini litoe kwa wingi protini za kugandisha damu. Kwa mwanamke mwenye afya anayemeza tembe moja yenye maikrogramu 30, hatari ni ndogo. Anayemeza nne hujitia maikrogramu 120 kila siku, na akiwa mvuta sigara mambo huzidi kuwa mabaya. Damu huganda katika mshipa wa mguu, donge likang'oka na kusafiri hadi mapafuni, na mtu akaanguka ghafla. Madaktari wa Amsterdam walichapisha mwaka 1997 taarifa ya wagonjwa wao 816 wa aina hii, wakati ethinili estradioli ilipokuwa dawa ya kawaida kwao, wakakuta damu kuganda mishipani kumeongezeka takriban mara 20 kuliko ilivyotarajiwa. Miongozo ya kitaalamu ya leo inasema homoni hiyo isitumike kabisa kwa kazi hii.

Wengine hujidunga sindano ya miezi mitatu au kumeza P2 mara kwa mara. Hao wanapoteza pesa zao. Dawa hizo mbili hazina estrojeni hata chembe, kwa hivyo haziwezi kufanya kazi ya estrojeni.

Njia iliyo salama huanzia kwa daktari. Atakuuliza kama wewe au jamaa yako wa karibu amewahi kugandiwa na damu, kupata kiharusi au saratani ya matiti, kama unavuta sigara, kama una kipandauso, na ni dawa gani nyingine unazotumia. Mjibu kweli yote, hata ya zile tembe. Atapima presha, kisha atatuma damu maabara ili kuangalia ini, figo, sukari, mafuta na kiwango cha homoni ulicho nacho sasa. Vilevile atataka kujua kama umelifikiria jambo hili kwa muda, na kama unaelewa yale yasiyoweza kurudishwa nyuma. Usiudhike. Swali hilo huulizwa hata kwa anayefungwa uzazi.

Estrojeni utakayopewa ni estradioli yenyewe, ya tembe, ya sindano, au ya kibandiko au jeli ya ngozini. Kwa tembe, aghalabu mtu mzima huanza na miligramu 2 kwa siku, na kipimo hupandishwa polepole bila kupita 6. Aliyevuka umri wa miaka 40, au aliye katika hatari ya damu kuganda, yafaa apewe ya ngozini, kwa sababu hiyo huingia katika damu bila kupitia ini kwanza. Kumeza zaidi ili matiti yakue upesi ni bure. Hayatakua upesi, ila damu itaganda upesi.

Kwa wengi estradioli peke yake haitoshi kuishusha testosteroni, ndiyo maana huongezewa dawa ya pili. Inayotumika sana ni spironolaktoni, na hapa nawaomba msome taratibu. Kwa asili hii ni dawa ya kukojoza, tunayowapa wenye moyo dhaifu na wenye ini bovu ambao tumbo limejaa maji. Huzuia pia kazi ya homoni ya kiume. Lakini huufanya mwili ubaki na potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo waweza kusimama bila onyo lolote. Mwenye figo dhaifu asiiguse. Anayetumia dawa za presha kama enalaprili au losatani awe mwangalifu sana. Na iko moja inayosahauliwa: Septrin. Wako wengi wanaoishi na VVU ambao huimeza kila siku kwa kinga, nayo pia hupandisha potasiamu. Zikikutana na spironolaktoni, potasiamu huweza kupanda katika siku chache tu. Ukiandikiwa Septrin hata kwa kikohozi au kwa ugonjwa wa njia ya mkojo, sema unatumia nini.

Kuna pia siproteroni, inayotumika Ulaya. Nguvu yake ni kubwa, na kipimo kikubwa kwa muda mrefu kimehusishwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo. Miligramu 10 kwa siku zatosha.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU asiziache kwa hofu ya kuchanganya. Dolutegraviri, ambayo wagonjwa wengi nchini hupewa, haigombani na estradioli. Ile ya kifua kikuu, rifampisini, ndiyo huivunja estradioli haraka na kuipunguza damuni.

Utarajie nini? Katika mwezi wa kwanza hadi wa tatu, hamu ya kufanya mapenzi hupungua na uume hausimami wenyewe asubuhi kama zamani. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita ngozi hulainika, misuli hupungua, mafuta huanza kuhamia nyongani na makalioni, na chini ya chuchu hutokea fundo gumu lenye maumivu. Hayo ni matiti yakianza, nayo huchukua miaka miwili hadi mitatu kukamilika, na mara nyingi huwa madogo kuliko mtu alivyotamani. Sauti haibadiliki. Kimo habadiliki mtu. Ndevu hupungua kasi lakini hazikomi.

Mbegu za uzazi nazo hupungua, na zaweza zisirudi hata ukiacha dawa. Kama unataka mtoto wa damu yako siku moja, zungumza na kliniki ya uzazi uhifadhi mbegu kabla ya tembe ya kwanza, si baada ya mwaka. Lakini pia usizichukulie homoni kuwa kinga ya mimba, maana zilizobaki zatosha kumpa mwenzio uja uzito.

Mwaka wa kwanza rudi kila miezi mitatu kupimwa damu. Ukianza spironolaktoni, potasiamu ipimwe mapema zaidi, katika wiki za mwanzo. Estradioli inatakiwa iwe kati ya pikogramu 100 na 200 kwa kila mililita, na testosteroni chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Daktari anayekupa dawa bila kukupima hana tofauti na duka.

Na iwapo mguu mmoja utavimba na kuuma kwenye shavu lake, au pumzi ikakatika ghafla, kifua kikachoma unapovuta hewa, ukakohoa damu, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo na umwambie daktari wa zamu kwamba unatumia estrojeni. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka atunze siri yako. Usipomwambia, ataona jina la kiume kwenye kitambulisho, na huenda akakupa dawa ya nimonia akakurudisha nyumbani.