Ukienda Kung'oa Jino Tunduma, Panga Siku Kwanza

Tunduma ni mji wa mpakani, mji wa haraka. Mzigo lazima uvuke leo, basi linaondoka alfajiri, foleni ya malori ikisogea hata mita kumi kila mtu anawasha gari. Jino nalo watu wanalifanyia vivyo hivyo: limeuma usiku kucha, asubuhi mtu anapita kulitoa, mchana yuko kwenye usukani anaitafuta Mpika, ndani ya Zambia. Wengi wanaoteseka baada ya kung'oa, mateso yao yanaanzia hapo. Kung'oa kwenyewe mara nyingi hakumalizi nusu saa. Kinachoamua utalala au hutalala kesho ni saa 24 zinazofuata.

Kwa hiyo tafuta siku ambayo huna safari jioni yake wala kesho yake. Nenda asubuhi. Damu ikikataa kukata saa nane mchana, aliyekutoa jino bado yupo kazini; ikikataa saa nne usiku, utaanza kubembeleza gari la kukupeleka hospitali ya mkoa, Vwawa. Anayetoka mbali, tuseme Kamsamba au milimani Ileje, ni heri alale mjini kwa ndugu usiku huo mmoja.

Kula kabla ya kwenda. Ganzi ya meno haikulazi usingizi, inakufisha ganzi sehemu ile tu, na wanaozimia kwenye kiti aghalabu ni wenye njaa na woga kwa pamoja. Dawa zako za presha au kisukari zinywe kama siku zote. Ukifika, sema yote: mimba, pumu, moyo, dawa iliyowahi kukudhuru, na hasa kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe; daktari ndiye wa kusema.

Kabla ya sindano uliza swali moja: hili jino haliwezi kuokolewa? Lililotoboka kidogo huzibwa. Lililooza hadi ndani laweza kutibiwa mzizi, ingawa pengine itakubidi kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 100, na gharama yake ni kubwa kuliko kung'oa. Si kila mtu ataimudu, lakini aliyeuliza anachagua, asiyeuliza anachaguliwa. Kisha liguse jino lenyewe kwa kidole. Maumivu ya gego la chini huweza kusikika juu, na la juu likasikika sikioni. Wewe na daktari mkubaliane ni lipi, hapo hapo, mdomo ukiwa bado una hisia.

Ganzi ikishashika utasikia kusukumwa, kuvutwa, na mlio wa kukwanyuka unaotisha kuliko ulivyo. Maumivu makali hayatakiwi. Ukiyasikia, inua mkono uongezewe ganzi. Kwenye jino lenye usaha ganzi hushika kwa shida, kwa hiyo usijikaze kiume pale.

Sasa kazi yako. Jino likitoka, damu hujaa kwenye shimo na kuganda. Bonge lile la damu ndilo kifuniko cha mfupa na mishipa ya fahamu iliyobaki wazi, nawe unalilinda lisichomoke. Ng'ata shashi uliyopewa kwa nusu saa hadi dakika 45, bila kuifunua kila mara kuchungulia. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Meza mate yako, hata yakiwa na rangi ya damu. Damu kidogo ikichanganyika na mate mengi huonekana kama ndoo nzima. Sigara na pombe viache kabisa siku hizo za kwanza. Kahawa ya Mbozi haikimbii. Siku ya kwanza kunywa vitu vya baridi au vuguvugu.

Damu ikianza tena ukiwa nyumbani, kaa wima, kunja shashi safi yenye unyevu, iweke juu ya shimo na ung'ate dakika 30. Usipokuwa na shashi, kifuko cha majani ya chai nyeusi kilicholowekwa kikapoa kinafaa, maana ule ukakasi wa chai husaidia damu kuganda. Isipokata, rudi.

Maumivu huanza ganzi inapoisha, baada ya saa mbili hadi nne, kwa hiyo kunywa dawa kabla hayajapanda. Parasetamo ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku kwa mtu mzima, inawatosha wengi. Hapa mpakani kuna mtego wake: Panadol ya upande wetu na Panado inayouzwa Nakonde, upande wa Zambia, ni dawa ile ile. Ukizichanganya ukidhani ni mbili tofauti, unalipiga ini. Aspirini iepuke, inaongeza kutoka damu, na kuibandika kwenye fizi kunaunguza nyama. Antibayotiki usijinunulie, kidonda kisicho na maambukizi hakizihitaji.

Chakula siku mbili za mwanzo ni uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda. Mahindi ya kuchoma ya barabarani, karanga na bisi viache kwa wiki nzima, punje zake huingia shimoni zikakaa. Meno mengine piga mswaki usiku ule ule, ukilikwepa shimo. Baada ya saa 24 anza maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, mara tatu au nne kwa siku hasa baada ya kula, ukiyaacha yatembee mdomoni taratibu.

Uvimbe kuongezeka hadi siku ya pili au ya tatu ni kawaida. Kisicho kawaida ni maumivu yaliyotulia kisha yakalipuka upya siku ya tatu, yakapanda sikioni, na mdomo ukanuka. Hapo bonge limetoka, mfupa uko wazi. Rudi kwa aliyekung'oa alisafishe shimo na kuweka dawa. Vidonge pekee havitakutuliza. Na ukipata homa, uvimbe ukashuka chini ya taya kuelekea shingoni, au ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usisubiri kukuche. Nenda hospitali usiku huo huo.

Dereva ambaye lazima avuke aombe karatasi yenye namba ya jino, tarehe na dawa alizopewa. Daktari wa Lusaka ataisoma bila shida, kwa kuwa namba hizo za meno zinatumika nchi nyingi: 46, kwa mfano, ni gego la kwanza la chini kulia.